Bibingka, biko na suman za Wafilipino: nitazipikaje hapa Mtwara kwa jiko la mkaa?

MamaVitumbua (Chikongola, Mtwara)

Assalaam aleikum wanajukwaa, na wasio Waislamu habari za jioni.

Mimi nakaanga vitumbua barazani kwangu hapa Chikongola, mwaka wa kumi na moja huu. Naamka saa tisa usiku, saa kumi na mbili wanafunzi na watu wa sokoni wanaanza kupita, ikifika saa tatu sufuria iko tupu. Nayasema haya mjue kwamba jiko silikimbii. Lakini kuna jambo limenishinda, naomba anayejua kweli anisaidie.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ni baharia. Mimi ndiye niliyemlea baada ya mama kufariki, alikuwa na miaka sita. Safari iliyopita alikaa melini miezi tisa, na mpishi wao alikuwa Mfilipino. Alipokuja likizo, kila nikimwekea chai na vitumbua anaanza kunihadithia: kulikuwa na mkate wa mchele unaookwa ndani ya jani la mgomba, juu una nazi na sukari; kulikuwa na wali mtamu wa rangi ya kahawia unaokatika kwa kisu kama haluwa; kulikuwa na ndizi za kukaanga zimevaa sukari iliyoungua, zimechomekwa kwenye kijiti. Nikamwambia niandikie majina. Akaandika nyuma ya daftari langu la madeni: bibingka, biko, suman, turon, banana cue.

Anarudi katikati ya Desemba. Nataka akifika avikute mezani.

Nimeshajaribu biko mara mbili. Nusu kilo ya mchele mzuri wa Kyela, nazi mbili, sukari guru. Nimepata wali wa nazi wenye sukari. Ni mtamu, watoto wameumaliza, lakini nikitia kisu punje zinamwagika kila moja njia yake. Haikatiki. Sasa nauliza: ni mchele gani ule? Na huo mkate wa jani unaokwa vipi kwa mtu asiye na oveni, mwenye majiko mawili ya mkaa tu? Na la tatu, ambalo kwangu ni la kwanza: kuna nguruwe au pombe humo? Mdogo wangu anasema alikuwa akiuliza kabla ya kula, lakini mimi nataka nijue mwenyewe kabla sijapika.

Asanteni.

Binti_wa_Mitwero (Lindi)

Dada, pole na hongera kwa kumlea mdogo wako. Huo ni mchele wa kunata. Punje yake ni nyeupe pee, haipitishi mwanga kama mchele wetu. Niliwahi kuupata Dar kwenye duka la vyakula vya Kichina, nikaupikia maziwa. Huku kusini sijauona popote, Lindi wala Mtwara. Vyakula vyote ulivyovitaja vinataka mchele huo, bila huo usijisumbue, utapoteza nazi zako.

Ndizi ya kijiti ndiyo unaweza kuifanya kesho.

Baharia_Mstaafu (Mikindani)

Mama Vitumbua, waalaikum salaam warahmatullah. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, nikatoka barazani nikakaa, nikarudi kuusoma tena. Nimefanya kazi ya jikoni melini miaka kumi na nne. Sita kati ya hiyo nilikuwa chini ya mpishi mmoja, mtu wa Laguna, kusini ya Manila, na msaidizi wake alikuwa Mwislamu wa Zamboanga. Nimewamenyea vitunguu, nimewakunia nazi, nimewaoshea masufuria. Nitakayosema nimeyaona kwa macho yangu.

Kwanza nimsahihishe binti yangu wa Lindi, kwa heshima. Kuhusu mchele wa kunata amesema kweli, wenyewe wanauita malagkit. Lakini si vyote vinautaka. Biko inautaka. Suman ya mchele, ile inayofungwa kwenye jani na kupikwa, inautaka. Palitaw, vile vidonge bapa vya unga vinavyochemshwa mpaka vielee halafu vinaviringishwa kwenye nazi, ufuta na sukari, navyo vinautaka. Bibingka haiutaki. Bibingka ni mchele wa kawaida uliolowekwa, ukasagwa na maji yake, ukaachwa uumuke. Uji huo mzito wanauita galapong. Sasa mama, wewe unafanya nini kila usiku ule wa saa tisa? Ni huohuo! Sahani aliyoisifu zaidi mdogo wako ndiyo mkono wako unaijua tayari.

Chukua mchele uleule wa vitumbua, uloweke usiku, usage na tui badala ya maji. Tia sukari, hamira, chumvi kidogo, mayai mawili kwa nusu kilo ya mchele. Uwe mzito kidogo kuliko wa vitumbua. Zamani kule kwao hamira ilikuwa ni tuba, yaani tembo la mnazi. Hata hapa Mikindani bibi yangu alisimulia kwamba mikate ya mchele iliumuliwa kwa tembo, na baadaye akina mama wakaiacha hamira hiyo wakatumia ya dukani. Kwa hiyo swali lako la pombe lina msingi. Ukitumia hamira ya dukani umemaliza.

Jani la mgomba libabue kwenye moto mpaka ling'ae na kulainika, ulitandike ndani ya sufuria ndogo mpaka lipande kingo. Usiliruke hilo jambo la kubabua, jani bichi linapasuka na uji unavuja chini. Mimina uji, funika kwa ufuniko wa bati, weka makaa juu. Wenyewe kule kwao wanaokea chungu cha udongo chenye makaa chini na makaa juu, ndiyo kazi yake tangu zamani. Kama umewahi kuoka mkate wa kumimina, ni mwendo uleule: makaa ya juu yawe mengi, ya chini yawe machache sana, la sivyo chini itaungua na katikati ibaki mbichi. Dakika ishirini, ishirini na tano. Ikianza kushika rangi, funua, tandaza vipande vya jibini na yai la chumvi ukipenda, rudisha ufuniko. Yai la chumvi ni yai la bata lililolazwa kwenye chumvi kwa wiki kadhaa. Melini hatukuwa nalo, tulitumia jibini tu, na hapa kwetu waweza kuacha vyote viwili. Ikiiva, paka siagi ingali moto, nyunyiza sukari, halafu nazi iliyokunwa freshi. Kula moto. Ikipoa inakuwa chakula kingine.

Nikueleze niliionaje mara ya kwanza. Wakristo wa Ufilipino wana ibada ya alfajiri siku tisa mfululizo, tarehe 16 hadi 24 Desemba, wanaiita Simbang Gabi. Kule kwao watu wakitoka kanisani, bado giza, nje kuna wanawake wanauza bibingka na puto bumbong, ile ya mchele wa zambarau inayopikwa kwa mvuke ndani ya mwanzi. Melini hakuna padri. Tulikuwa Bahari ya Hindi tunaelekea Singapore. Mpishi akaamka saa nane usiku kuoka, na wenzake walipomaliza kusali chumba cha kulia, wakala pamoja kabla ya zamu. Mimi nilikuwa nimeamka kwa ajili ya sala ya alfajiri. Nilipotoka kuswali nikakuta kipande changu kimefunikwa kwa sahani, kimewekewa jina langu kwenye karatasi. Siku zote tisa alifanya hivyo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, sijawahi kukaa mbali na kwetu, na harufu ile ya jani lililobabuka ilinirudisha jikoni kwa mama.

Ndiyo maana naelewa kwa nini mdogo wako hasahau.

Mzee_wa_Newala

Nasoma na sina ugomvi na mama huyu, mapenzi kwa ndugu yake nayaheshimu. Lakini kuna kitu kinaniuma na nitakisema. Hapa Newala vijana wangu hawajui tena kuchimba ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, wala kuichemsha. Ukiwapakulia bada, ugali wetu wa muhogo, wanasogeza sahani. Sasa tunakaa kufundishana vya Ufilipino. Vyetu atavifundisha nani?

MamaVitumbua

Mzee wangu wa Newala, shikamoo. Umesema jambo la kweli na sina jibu lake lote. Nakuahidi tu kwamba mdogo wangu anakula bada, na ming'oko nikiikuta sokoni naichukua.

Baharia, shikamoo baba. Nimesoma nikajifuta machozi, sijui kwa nini. Bibingka nimeielewa yote. Lakini biko je? Nisipoipata hiyo malagkit hakuna njia? Na ya nguruwe hujanijibu.

Baharia_Mstaafu (Mikindani)

Marahaba mwanangu.

Naanza na ya nguruwe, kwa kuwa umesema ndiyo ya kwanza. Katika vitamu, yaani vile wanavyoviita kakanin (neno hilo limetokana na kanin, wali uliopikwa), karibu vyote ni mchele au muhogo, nazi na sukari. Wasiwasi wako uweke kwenye sahani za mchana. Nguruwe wanampenda mno: lechon ni nguruwe mzima wa kuoka, dinuguan ni nyama na damu yake, na lumpia, ambayo ni kama sambusa ndefu ya kuviringisha, mara nyingi ina nyama hiyo ndani. Adobo inapikwa kwa nguruwe au kwa kuku. Ya kuku ni halali na ni rahisi: kuku, siki, soya sosi, vitunguu saumu vingi, pilipili manga nzima na jani la bei, unaacha ichemke taratibu mpaka mchuzi upungue. Siki yao nzuri inatoka kwenye tembo la mnazi lililochacha kabisa. Sinigang ni mchuzi mchachu wa ukwaju, unaweza kuupika kwa changu wa feri bila kuuliza mtu.

Tena usidhani Ufilipino ni Wakristo tu. Huko kusini, Mindanao na visiwa vya Sulu, Uislamu ulifika kabla ya Wahispania, na wana jiko lao. Yule msaidizi wa Zamboanga ndiye aliyenipikia Ramadhani. Alinipikia tiyula itum, mchuzi mweusi wa nyama ya ng'ombe. Weusi wake unatoka kwenye nazi iliyochomwa mpaka iwe makaa kisha ikasagwa na viungo. Nilipouona sikuthubutu kuuonja, nilipoonja niliongeza. Na kulikuwa na kitu wanakiita panyalam: unga wa mchele, sukari nyeusi ya miwa na tui, unamiminwa kwa upawa kwenye mafuta mengi, kinafura katikati na kukauka pembeni. Mama, ni ndugu wa kitumbua. Nilimwambia yule bwana, hiki kwetu kinakaangwa kwenye chuma chenye mashimo. Akacheka, akanichorea karai la mama yake.

Sasa biko. Usipoipata malagkit, usitumie Kyela. Umeona mwenyewe punje zake zinaachana, na hapa unataka kinyume chake. Tafuta chenga, zile punje zilizovunjika, na uwe mchele mpya wa mavuno ya karibuni, maana mchele wa zamani hauna tena kunata. Upike kwa maji mengi kidogo, uive kupita kawaida, karibu na bokoboko. Pembeni chemsha tui na sukari guru mpaka uzito wake uwe kama asali, ndipo umimine wali wako humo na kuusonga kwa mwiko mpaka uachane na sufuria. Wengi wanakosea hapo: wanapika wali kwenye tui tangu mwanzo, kama wali wa nazi. Hapana. Tui na sukari vikauke kwanza peke yake. Haitakuwa biko ya Laguna, lakini ikipoa itakatika.

Juu yake kunawekwa latik. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu mpishi wangu alikuwa akisema biko bila latik ni kazi ya mtu mwenye haraka. Unachukua nazi, unaikuna. Alikuwa na kudkuran yake kabatini, kigoda kifupi chenye ulimi wa chuma wenye meno mbele. Siku aliyoitoa nilisema kwa sauti, hii ni mbuzi! Nikaikalia nikakuna nazi tatu mfululizo, na kuanzia siku ile kazi hiyo ikawa yangu. Kisha unachuja tui la kwanza, lile zito lisilotiwa maji. Wao wanaliita kakang gata. Tui hilo peke yake, bila sukari, bila chochote, unaliweka kwenye moto mdogo. Litachemka, litakatika, mafuta yatapanda juu, na chini zitabaki chembe nyeupe. Endelea kukoroga. Chembe zinakuwa za manjano, kisha kahawia. Zitoe zikiwa kahawia ya korosho iliyokaangwa, kabla ya kugeuka nyeusi, kwa sababu zinaendelea kuiva hata nje ya moto. Chembe hizo ndizo latik. Mafuta yake usimwage, ndiyo ya kupakia jani na sinia.

Kila aliyekulia pwani ameziona. Mama zetu walipopika mafuta ya nazi ya nywele, tulikuwa tunagombania yale makaukau ya mwisho kwenye sufuria, tunayatia sukari. Sisi tuliyaita masalio, wenzetu wameyapa jina na kuyaweka juu ya vyakula vya sherehe. Ukienda visiwa vya katikati, Visaya, wakisema latik wanamaanisha kitu kingine, tui na sukari vilivyopikwa mpaka vikawa shira nzito. Niliwahi kushuhudia mabaharia wawili, mmoja wa Luzon mmoja wa Cebu, wakibishana juu ya hilo chakula chote cha jioni.

Kuhusu suman nakupa habari njema. Ipo suman ya muhogo. Muhogo unakunwa, unachanganywa na tui zito na sukari, unafungwa kwenye jani lililobabuliwa kwa umbo la kidole kinene, unapikwa kwa mvuke kama dakika arobaini na tano. Hapo hakuna mchele wowote. Kama ningekuwa wewe, ningeanza na hiyo. Mchele wa kunata utatoka Dar, lakini muhogo unao mlangoni, na nazi pia, na majani ya mgomba nadhani jirani yako anayo. Chakula kizuri cha mgeni ni kile unachokipika kwa vitu ulivyovichagua kwa mkono wako sokoni.

Na mzee wangu wa Newala, sikupuuzi. Lakini huo muhogo wa bada yetu nao ulikuja. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Kwetu uliletwa na Wareno. Kwao uliletwa na Wahispania, waliokuwa na merikebu zilizosafiri kati ya Acapulco, Mexico, na Manila kuanzia 1565 hadi 1815. Mkorosho nao una safari hiyohiyo. Wao wanauita kasuy, na watu wakienda kuhiji kanisa la Antipolo, karibu na Manila, wanarudi na suman na korosho kama zawadi. Niliposikia hivyo nilimwambia mpishi: kwetu tunatoka na korosho kwenda kila mahali. Na mgomba, mzee, ni wa huko kwao, Asia ya Kusini-Mashariki, ndio uliokuja kwetu.

Mzee_wa_Newala

Nimekusikia, Baharia. Nimekubali kwenye muhogo. Kwenye ming'oko sikubali, ming'oko ni ya porini kwetu hapa, haikuletwa na merikebu.

Nina swali la kweli. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya kitu cha zambarau cha Wafilipino, akasema ni kiazi. Nina kiazi kikuu shambani, kimoja ukikikata ndani ni zambarau hivyohivyo. Ndicho?

Baharia_Mstaafu (Mikindani)

Ndicho chenyewe, mzee. Wao wanakiita ube. Ni kiazi kikuu cha zambarau, na kiko ukoo mmoja na ming'oko yako, ingawa ming'oko, kama ulivyosema, ni ya kwetu. Kichemshe na maganda, kimenye, kikune au kiponde kisiwe na vidonge, kisha kirudishe motoni na maziwa, sukari na siagi. Songa bila kuacha, nusu saa au zaidi, mpaka kiwe kizito na kuanza kuachana na sufuria. Hiyo ni ube halaya. Inaliwa peke yake, au inakwenda juu ya halo-halo, ile bilauri ya barafu iliyosagwa, maziwa, maharage matamu na matunda. Mkono utauma. Mwite mjukuu asonge.

Mkulima_Nanguruwe

Jambo moja tu kwa Mama Vitumbua, ni la afya. Muhogo wa kukuna uwe muhogo mtamu, kama Kiroba. Usichukue muhogo mchungu, ule unaotengenezewa makopa. Ule una sumu, na kukuna na kupika siku hiyohiyo hakuitoi yote. Kama hujui shamba umetoka wapi, muulize muuzaji, na uonje kidogo kwa ncha ya ulimi ukiwa mbichi. Ukiwa mchungu, utoe. Ukishaukuna, kamua maji yake kwa kitambaa uyamwage, na muhogo uivishe sawasawa.

Binti_wa_Mitwero (Lindi)

Baharia, nimekubali kusahihishwa, asante baba. Mimi nimefanya ile ndizi ya kijiti jana nikaona niandike. Nilitumia ndizi mzuzu zilizoiva lakini ngumu. Mafuta yakishika moto nikatia sukari ya kahawia moja kwa moja ndani ya mafuta. Niliogopa, nikadhani itaungua, lakini inaelea juu, inayeyuka, na ukigeuzageuza ndizi inazishika zote. Zitoe haraka, zikae kwenye sinia lililopakwa mafuta, zisigusane. Nilizirundika, zikawa tofali moja.

Turon pia nimejaribu kwa manda za sambusa: kipande cha ndizi, uzi mmoja wa fenesi, viringisha, funga kwa uji wa ngano, kaanga na sukari hiyohiyo. Fenesi ndilo lenye harufu. Usiliache.

MamaVitumbua

Mrejesho.

Mdogo wangu amefika Alhamisi kwa basi la usiku. Nilikuwa nimeshaoka bibingka mara nne wiki nzima kabla yake. Ya kwanza chini iliungua, ya pili jani lilipasuka kwa sababu nililibabua upande mmoja, ya tatu ilikuwa nzuri lakini nilisahau chumvi. Ya nne ndiyo nikasema sasa. Makaa ya juu nilihesabu, vipande kumi na viwili, chini vinne. Anayetaka kujaribu aanzie hapo.

Asubuhi ile nilimwekea mezani bibingka, suman za muhogo zikiwa bado kwenye majani, na kisahani cha vitumbua kwa sababu siwezi kumpokea bila vitumbua. Aliingia kutoka bafuni na taulo shingoni. Akasimama. Akachukua suman moja, hakuifungua, akaiweka puani kwanza. Kisha akasema "dada", basi, hakuongeza neno. Alikula akiwa amesimama, suman tatu. Alipokaa ndipo akaniambia bibingka yangu ni laini kuliko ya melini kwa sababu ya tui la nazi iliyokunwa siku hiyo, wao walikuwa wanatumia la kopo. Akasema pia sukari ya juu nimezidisha. Ni kweli, nimezidisha.

Biko ya chenga nimeifanya kama alivyosema Baharia. Inakatika. Si sana, kingo zinabomoka, lakini kipande kinasimama. Latik ilinichukua saa nzima, na nazi tatu zimetoa kiganja kimoja tu cha chembe. Watoto walikuwa wamekaa mlangoni wanasubiri sufuria, sawasawa na tulivyokuwa sisi kwa mama. Mdogo wangu akawafukuza akakomba yeye.

Ijumaa nimeweka bibingka kumi barazani pamoja na vitumbua, shilingi mia tano kila moja, kuona tu. Ziliisha kabla ya vitumbua. Mama mmoja wa Ligula ameniagiza ishirini za harusi na anaziita vitumbua vya jani. Nikamwambia jina lake, akasema jina gumu, kitumbua cha jani kinatosha. Mimi bado nasema bibingka, kwa ajili ya yule mpishi aliyewalisha watoto wetu baharini.

Mkulima, nilionja muhogo kabla. Asante. Mzee wangu wa Newala, nilipata ming'oko fungu mbili, tumeila jioni na chumvi, na mdogo wangu ndiye aliyeimenya.

Kilichobaki ni biko ya malagkit yenyewe. Yeye anaondoka tena mwezi wa pili. Kama kuna mtu anatoka Dar kabla ya hapo, naomba aniletee kilo mbili, nitalipa na nauli ya mzigo.

Baharia_Mstaafu (Mikindani)

Mwanangu, usimwagize mtu. Nakwenda Dar Jumatatu kumwona daktari wa macho, narudi Ijumaa. Nitapita kwenye duka la Wachina nichukue kilo tatu, ya ziada ni ya kufanyia makosa. Ukishaupata uloweke usiku kucha, uoshe mara mbili tu, na maji ya kupikia yawe machache kuliko unavyodhani. Nitaupitisha barazani kwako Jumamosi kabla ya saa tatu, sufuria haijawa tupu.